Yule mama wa Tom na Jerry: mweusi au mzungu?

SWALI: Mjomba, shikamoo. Mimi nasuka nywele hapa Tukuyu. Juzi mtoto wa mteja alikuwa anaangalia Tom na Jerry kwenye simu, nikasema yule mama anayemfukuza paka kwa ufagio ni mweusi, mnene, ingawa uso hawamwonyeshi. Msusi mwenzangu akaapa ni mzungu tena mwembamba, kamwona kwa macho yake akiwa mdogo kwao Makambako. Tumewekeana soda. Nani alipe? Na kwa nini wanamficha uso?
Msusi, Tukuyu

JIBU: Marahaba mpwa wangu. Kila mtu ajinunulie soda yake, maana wote mmesema kweli.

Wewe uliona picha za mwanzo. Tom na Jerry walianza 1940, wakiwa kazi ya William Hanna na Joseph Barbera (katika ile ya kwanza kabisa paka aliitwa Jasper, Tom alikuja baadaye). Mama yule alikuwemo tangu siku hiyo hadi 1952: miguu minene, soksi, aproni, na sauti ya kufoka ya mwigizaji Lillian Randolph, mwanamke mweusi. Huku kwetu tulimchukulia kuwa mwenye nyumba, akiita tu "Thomas!" paka anasimama wima. Kwa Wamarekani alikuwa kitu kingine: mtumishi mweusi wa kuchekesha, Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika, mchoro wa dharau ambao weusi wa kule walikuwa wameuchoka. Chama chao cha kutetea haki, NAACP, kilimlalamikia.

Miaka ya 1960 katuni hizo zilipokuwa zikirushwa kwenye televisheni, mafundi wa Chuck Jones, mtengenezaji mwingine wa katuni, walikaa wakamchora upya, fremu kwa fremu, wakamfanya mzungu mwembamba mwenye lafudhi ya Kiairishi. Sauti safari hii ilikuwa ya June Foray. Paka yuleyule, ufagio uleule, kipigo kilekile, miguu tu ndiyo imebadilishwa. Huyo ndiye wa Makambako. Miaka ya 1990 wakamrudia tena: mchoro ukabaki mweusi, maneno yakarekodiwa upya na mwigizaji mwingine ili lile Kiingereza la dharau liondoke. Kwa hiyo mkitafuta kwenye simu mnaweza kukutana na wanawake watatu katika nyumba moja.

Kuhusu uso: angalieni meza na viti vilivyochorwa. Tunaitazama nyumba kwa urefu wa paka na panya, na ukiwa chini hivyo, mtu mzima ni viatu na pindo la gauni. Mimi naona walipatia. Mama anatisha zaidi akiwa ni miguu inayokuja.

Ila uso wake upo, na hapa nina deni. Mwanjelwa, banda la video la jenereta, sisi watoto tumekaa juu ya magunia, mkanda umechakaa hadi picha inapanda na kushuka. Ilikuwa ile ya 1950, mama kaenda kucheza karata, Tom kaita paka wa mtaani wapige muziki, Jerry kakosa usingizi, kampigia mama simu. Mama anarudi mbio. Rafiki yangu akaruka: "Nimemwona uso!" Tukamzomea. Tukamwomba mwenye banda arudishe mkanda, akakataa, alikuwa na mkanda wa karate wa kuwahi. Rafiki yangu akahesabiwa mwongo na maandazi yake mawili tukayala.

Nilikuja kuiona tena ukubwani, nikaisimamisha mwenyewe kwenye kompyuta. Katika zile mbio uso unapita, kufumba na kufumbua, ukichelewa umeukosa. Filamu hupita picha 24 kwa sekunde, na yeye aliudaka kwenye mkanda ule mbovu!

Siku hizi anaendesha lori la Tunduma. Akisimama hapa Mbeya ananikumbusha, na maandazi mawili anadai yameshakuwa kumi.