Maswali ya Wasomaji: Sarafu ya Twiga ya Mwaka 1974

SWALI: Marehemu baba aliniachia sarafu ya fedha ya shilingi 25 ya Tanzania, ya mwaka 1974, yenye picha ya twiga. Uso wake unang'aa kama kioo, ila ukingoni umeanza kuwa mweusi. Je, niisafishe kabla ya kuiuza? Na je, kununua nyingine ni uwekezaji mzuri? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa msiba. Nakusihi usiisugue hata kwa kitambaa laini. Weusi huo hutokea madini ya fedha yanapokutana na salfa iliyomo hewani, na wakusanyaji huuvumilia. Wasichovumilia ni mikwaruzo, kwa sababu mng'ao wa sarafu za prufu, yaani zile zenye uso kama kioo zinazotengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji, hutokana na kugongwa zaidi ya mara moja kwa mihuri (vyuma vya kuchapia sarafu) iliyong'arishwa, nao ukiharibika haurudi. Ishike ukingoni, uihifadhi katika kasha lisilo na plastiki ya PVC.

Sarafu hiyo ni ya mfululizo wa uhifadhi wa wanyamapori. Ya prufu ina gramu 28.28 za fedha ya asilimia 92.5, yaani takriban gramu 26 za fedha halisi, ilhali toleo lisilo la prufu lina asilimia 50 tu na ni jepesi zaidi. Kwa hiyo ipime kwanza.

Kuhusu uwekezaji, mimi ningetahadhari. Mnunuzi hulipa zaidi ya thamani ya madini, lakini anapouza kwa haraka mara nyingi hupewa bei ya madini pekee. Anayetaka madini ya fedha kama akiba anunue vipande vya kawaida vya madini hayo. Prufu inamfaa anayeipenda sarafu yenyewe.