Taa ya Injini Ikiwaka, Usianze na Kununua Sensa

Toyota IST yangu ya mwaka 2003 iliwasha ile taa ya njano ya injini nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, Dar es Salaam. Kwa wiki nzima gari lilikuwa halikai sailensi, yaani halitulii likinguruma bila kukanyagwa: nikisimama, mshale wa mizunguko unapanda na kushuka, na mafuta yanaisha upesi. Fundi wa kwanza alichomeka mashine ya kusomea matatizo ya injini, ikasoma namba P0171. "Bosi, sensa ya oksijeni imekufa." Nikaenda Gerezani kwenye maduka ya vipuri, nikatoa shilingi 80,000 kwa sensa ya mtumba, akaifunga, akafuta ile namba, taa ikazima. Siku ya nne ikawaka tena. Namba ileile.

P0171 haisemi sensa imekufa. Inasema injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, basi. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyopeleka taarifa, na sisi tukaifukuza kazi, kama mtu anayemfukuza mlinzi kwa kupiga kelele za mwizi. Chanzo kinaweza kuwa mpira uliopasuka unaovuta hewa ya pembeni, sensa ya kupima hewa iliyojaa vumbi, pampu ya mafuta iliyochoka au chujio lililoziba.

Fundi wa pili, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, hakuishia kwenye namba. Alifungua ukurasa wa mashine unaoonyesha injini ikiwa inafanya kazi, akatafuta asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza ili kufidia. Kwenye sailensi ilikuwa 24. Akaniambia nikanyage hadi mizunguko 2,500, ikashuka hadi 6. "Hewa inaingia wizi," akasema. Mizunguko ikiwa midogo, injini inavuta kwa nguvu kwenye manifoldi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), kwa hiyo tundu dogo linaonekana kubwa. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haina uzito tena. Ingekuwa kinyume, yaani asilimia inapanda kadiri unavyokanyaga, angeanza na pampu na chujio.

Akapuliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo kidogo kwenye maungio ya mipira. (Usijaribu hili injini ikiwa ya moto sana au koili zinarusha cheche, dawa hiyo inawaka kama petroli.) Alipofika kwenye kimpira kinachotoka kava la vali kwenda manifoldi, mlio wa injini ukabadilika. Kwa juu kilikuwa kizima. Kwa chini, ambako hakuna anayeangalia, kilikuwa kimekauka na kupasuka. Shilingi 6,000. Sensa yangu ya zamani bado iko kwenye buti, nzima kabisa.

Kama taa imewaka tu bila kupepesa na gari linakwenda vizuri, unaweza kufika nyumbani, mradi taa ya oili na mshale wa joto viko sawa. Ikipepesa, injini inamisi vibaya, yaani silinda inashindwa kuunguza mafuta: petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye masega (kichujio cha moshi kwenye bomba la ekzosi) na kuyaharibu. Punguza mwendo, tafuta pa kuegesha. Ukisomewa P0302, silinda ya pili ndiyo inayomisi. Kabla ya kununua chochote, hamisha koili ya silinda ya pili uiweke kwenye ya kwanza, na ya kwanza kwenye ya pili. Namba ikigeuka P0301, umeikamata koili. Ikibaki 0302, angalia plagi, kisha nozeli inayopuliza mafuta.

Na usikubali mtu achomoe betri "taa izime". Itazima, lakini kumbukumbu ya tatizo nayo inafutika. Piga picha namba kwanza.

Vile vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyosoma namba hizi kwenye simu vinasaidia, ila magari mengi ya miaka hiyo yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana soketi ileile lakini lugha tofauti. Changu kiligoma kwenye IST, kikasoma bila shida gari la jirani lililotoka Uingereza.

Ukienda kununua gari lililotumika, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishika. Mwaka jana nilikagua Toyota Spacio moja kwa ajili ya dada yangu, taa haikuwaka kabisa. Tulipofungua dashibodi tukakuta balbu imetolewa. Muuzaji alikuwa ametuapia kwamba tangu alinunue halijawahi kuwasha taa hiyo.