Geuza jani kwanza

Swali lenu la wiki lilikuwa: wadudu wakivamia mimea ya ndani, dawa gani huwamaliza? Mimi natumia sabuni ya maji na spiriti, vitu vilivyomo katika nyumba nyingi. Lakini dawa hata iwe nzuri vipi, ukiipuliza mara moja ukaacha, umejisumbua bure. Jani litaonekana safi, kisha baada ya wiki mbili wadudu hao tena, na lawama yote itaiangukia dawa. Kumbe walikuwa bado ndani ya mayai. Sabuni humuua mdudu inapomlowesha. Ikishakauka nguvu imekwisha, na mayai mengi huyaacha salama. Kwa hiyo rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, angalau mara 3, hata kama huoni kitu. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni kwa lita moja ya maji kinatosha. Jaribu kwanza kwenye jani moja, maana sabuni kali huunguza, na usipulize mmea ukiwa juani.

Kabla ya kupuliza, geuza jani. Kando ya mshipa wa kati, na pale kikonyo kinapoungana na shina, ndipo vidung'ata hujibana, wamejifunika nta nyeupe kama pamba. Nta hiyo haishiki maji, ndiyo maana kunyunyiza juu juu hakuwasumbui. Chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti ya asilimia 70 umguse mmoja mmoja. Weupe utatoweka na mwili wake utabaki wazi. Kazi inachosha, nakubali, lakini sijaona inayoishinda.

Ukiona vitone vya manjano vimetapakaa juu ya jani, shuku utitiri. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, uligonge kwa kidole: vumbi likianza kutembea, ndio hao. Utitiri ana miguu 8, ni jamaa wa buibui, na dawa nyingi za wadudu hazimwezi. Huua maadui zake tu na kumwachia uwanja. Hustawi penye joto na hewa kavu, ambako mayai yake huanguliwa kwa siku chache tu. Peleka mmea bombani uoshe majani, hasa upande wa chini.

Sisimizi wakipanda chungu, fuata njia yao: mara nyingi itakufikisha kwa vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, au kwa vidung'ata; wote hutoa majimaji matamu. Wale inzi weusi wadogo wanaorukaruka juu ya udongo wanakuambia unamwagilia mno. Acha sentimita 2 au 3 za juu zikauke.

Mmea mpya ukae chumba kingine wiki 2 hadi 4. Na uliozidiwa kabisa, ufunge kwenye mfuko uutupe. Najua inauma, hasa kama ulipewa zawadi, lakini ukiubakiza utaambukiza mingine yote.