Maji ya dripu hayafiki mwisho wa shamba: ninunue pampu kubwa?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nalima nyanya nusu ekari hapa Ilula, Iringa. Shamba lina mita 50 kwa 40 na limeinama kidogo. Nimefunga dripu (umwagiliaji wa matone), laini 40 za mita 50 kila moja, zimeachana mita moja, na matundu yako kila sentimita 30. Karatasi ya dukani inasema kila tundu linatoa lita 1.6 kwa saa. Tanki ni la lita 1,000 juu ya kichanja cha mita moja, na bomba la milimita 25 linatoka hapo na kupita ukingoni mwa shamba likigawa maji kwenye laini zote. Najaza tanki mara tatu kwa siku kutoka kisimani, kwa pampu ndogo ya kuazima. Laini za karibu na tanki zinadondosha vizuri, lakini kuanzia kama ya kumi na tano kwenda mbele ni kama hakuna kitu, na nyanya za huko zinaoza kitako. Muuzaji ananiambia ninunue pampu ya petroli ya inchi 3 niifunge moja kwa moja kwenye dripu. Ninunue? Halafu mdogo wangu amemaliza kidato cha sita, PCM, na anapenda sana mambo haya. Akasome wapi?

JIBU: Marahaba. Nianze na la mdogo wako maana ni fupi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kinafundisha uhandisi wa kilimo, na pia uhandisi wa umwagiliaji na rasilimali za maji. PCM (fizikia, kemia na hisabati) ndiyo njia yake. Akivuka mpaka kwenda Kenya kuna vyuo vikuu vya Egerton kule Njoro na JKUAT kule Juja. Akitaka kuanza na stashahada na kushika bomba mapema, aulizie chuo cha kilimo cha MATI Igurusi, Mbeya. Asidhani ni masomo ya trekta tu. Atakutana na maghala ya nafaka, mabanda ya mifugo, ukaushaji wa mazao, udongo, na hesabu nyingi za maji kama hizi ninazokuandikia hapa chini. Mpe azipitie, akiona zinamchosha ajue mapema.

Sasa shamba. Pampu hiyo usinunue. Pampu ya petroli ya inchi 3 imetengenezwa kumwaga maji mengi kwenye mifereji. Ukiibana kwenye laini nyembamba za dripu, ambazo nyingi hazivumilii presha ya zaidi ya bar 1, zitapasuka asubuhi ya kwanza. Zisipopasuka, viungio vitachomoka.

Shida yako ni mbili, na watu wengi huchanganya. Ya kwanza ni kwamba shamba halipati maji ya kutosha kwa siku. Ya pili ni kwamba hata hayo machache hayawezi kupita kwenye bomba ulilofunga.

Tuanze na ya kwanza. Siku ya kiangazi yenye jua na upepo wa kawaida, tukadirie kwamba jua na upepo vinadai milimita 5 za maji. Nyanya iliyofunga matunda hutaka zaidi ya hapo kidogo: mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa) wa 1998, ule namba 56 tunaoutumia wote kwenye kazi hii, unaipa kizidisho cha 1.15, kwa hiyo inakuwa milimita 5.75. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Nusu ekari yako ni mita za mraba 2,000. Zidisha: lita 11,500 kwa siku. Wewe unajaza tanki mara tatu, lita 3,000, yaani robo ya mahitaji. Miche ikiwa midogo kizidisho ni 0.6, na hapo ungehitaji kama lita 6,000, ndiyo maana mwanzoni mwa msimu huenda hukuona tatizo kubwa. Kuoza kitako unakokuona huko mbali ni ugonjwa wa maji kabla haujawa wa kitu kingine. Kalisi (kalsiamu) huingia kwenye tunda ikibebwa na maji, mmea ukikosa maji leo na kunyweshwa kesho, kitako cha tunda kinakosa kalisi hata kama udongo unayo. Usikimbilie kununua dawa ya kupuliza.

La pili ni bomba. Hesabu matundu yako: laini 40 mara mita 50 ni mita 2,000 za dripu, na kila sentimita 30 kuna tundu, hivyo una matundu kama 6,670. Kila moja likitoa lita 1.6 kwa saa, mfumo mzima unadai lita 10,670 kwa saa. Lakini hiyo 1.6 iliyoandikwa kwenye karatasi kwa kawaida hupimwa kwenye presha ya bar 1, sawa na maji yaliyosimama mita 10 juu ya laini. Wewe una mita moja, na nyingine kidogo tanki likiwa limejaa. Kwa matundu ya kawaida, presha ikipungua mara nne maji hupungua nusu. Kwa mita moja, tundu lako linatoa kama nusu lita kwa saa, na hiyo ni endapo presha yote imefika.

Nayo haifiki. Bomba la milimita 25, lile mafundi wanaita la robo tatu, lina upana wa milimita 21 hivi kwa ndani. Likisukumwa na mita moja tu ya maji, na likigawa njiani kwa urefu wa mita 40, haliwezi kupitisha zaidi ya lita 1,300 hivi kwa saa, hata ufanyeje. Laini za mwanzo zinachukua hayo, za mwisho zinabaki na msuguano. Laini za dripu zenyewe hazina kosa: kwa maji kidogo hivyo, mita 50 za dripu ya milimita 16 zinapoteza sentimita chache tu za presha.

Hili la kichanja cha mita moja nalikuta kila mahali, na najua lilikotoka. Miaka ya 1990 kule Kenya, taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI (sasa KALRO), walieneza seti za ndoo: ndoo ya lita 20 ikining'inia mita moja juu, na laini mbili za mita 15. Zilifanya kazi vizuri sana, kwa bustani ya mboga nyuma ya jiko. Tangu hapo mita moja imekuwa kama sheria, na wauzaji wanaihamishia kwenye nusu ekari bila kupiga hesabu.

Kabla hujanunua chochote, pima. Tafuta ule mpira mwembamba unaoonesha ndani, mafundi ujenzi wanautumia kupimia levo. Fungua mwisho wa laini moja, chomeka mpira, uinue wima. Maji yatapanda ndani ya mpira na kusimama. Urefu kutoka kwenye laini hadi yaliposimama ndiyo presha yako, kwa sentimita. Fanya hivyo laini ya kwanza, ya kumi na tano na ya arobaini. Ukikuta sentimita 80 kwenye ya kwanza na 10 kwenye ya mwisho, bomba ndilo limekwisha nguvu. Ukikuta presha ni nzuri na bado tundu halidondoshi, basi limeziba, na hapo dawa ni chujio.

Kisha weka makopo chini ya matundu 16: laini nne, na kila laini mwanzoni, theluthi ya kwanza, theluthi ya pili na mwishoni. Acha dakika 6, pima kila kopo kwa bomba la sindano la dawa za mifugo. Mililita ulizopata mara kumi ndiyo kasi kwa saa. Chukua makopo manne yenye maji machache zaidi, tafuta wastani wake, gawanya kwa wastani wa yote 16. Ukipata 0.9 na zaidi uko vizuri. Chini ya 0.7, mbolea unayopitisha humo inanufaisha mistari michache tu.

Halafu panga upya hivi. Gawa shamba sehemu nne za mistari kumi kumi, kila moja na koki yake, na ufungulie moja baada ya nyingine. Bomba kuu lipite katikati ya shamba, lifuate mteremko, ili laini zitoke kulia na kushoto zikiwa na mita 25 na zikikata mteremko. Hukuniambia sasa hivi zimelalaje, na kwa presha ndogo hilo ni kubwa kuliko unavyodhani: mteremko wa mita moja katika mita 50, ambao kwa macho huutambui, ni sawa na presha yako yote. Laini ikielekezwa mlimani, mwisho wake hautapata tone.

Bomba kuu liwe la milimita 40, yaani inchi moja na robo. Tanki lipande mita 2. Kwa kuwa shamba limeinama, tafuta sehemu ya juu ya shamba uliweke huko, badala ya kujenga kichanja kirefu. Lita 1,000 ni tani moja, na miti iliyoliwa na mchwa haiibebi. Sehemu moja ikifunguliwa itatoa kama lita 1,100 kwa saa. Bomba la 40 litakula kama sentimita 20 za presha hadi sehemu ya mbali. Lile la 25 lingekula karibu mita mbili zote. Gharama ni bomba, koki nne na siku mbili za fundi.

Funga na chujio la diski la meshi 120 baada ya tanki, na kila wiki fungua ncha za laini maji yatoke hadi yawe meupe. Mbolea ya CAN usiipitishe kwenye dripu, ina chokaa isiyoyeyuka. DAP nayo huacha matope. Na kalisi naitreti usiichanganye tanki moja na mbolea yenye fosfeti au salfeti, vinagandana na kuziba matundu.

Kwa mpango huu miche midogo itapata maji ndani ya saa tano na nusu au sita kwa siku. Nyanya zikibeba, kila sehemu itadai zaidi ya saa mbili na nusu, yaani zaidi ya saa kumi za kufungua na kufunga koki, na tanki lijazwe karibu kila saa. Inawezekana, ila kuna mtu atalala shambani. Hapo ndipo pampu inapoingia, na ni ndogo. Sehemu moja ikipewa presha ya mita 10 inadai lita 2,700 kwa saa, na inamaliza mgawo wake wa siku kwa saa moja na dakika chache. Zote nne ni kama saa nne na robo. Ongeza kina cha maji kisimani, tuseme mita 8, pamoja na msuguano na chujio, jumla ni kama mita 25. Pampu ya sola ya HP (nguvu farasi) 0.75 inatosha.

Kwanza lakini pima kisima. Vuta maji yashuke, kisha hesabu yanarudi kwa muda gani. Kisichoweza kutoa lita 11,500 kwa siku hakitazitoa kwa pampu yoyote, na hapo bora ulime robo ekari iliyoshiba. Kikiweza, nenda dukani na namba mbili tu: lita 2,700 kwa saa, kwa kimo cha mita 25. Mwambie muuzaji akuoneshe hiyo nukta kwenye mchoro wa pampu. Akikujibu kwa inchi za mdomo wa pampu, nenda duka la pili.