Kwa walimu wapya mnaoanza kuwapeleka watoto msituni

Mwalimu mgeni akikabidhiwa kikundi cha kupeleka Karura, msitu ulio ndani ya Nairobi, huanza na ratiba: saa tatu maporomoko ya maji, saa nne mapango waliyojificha Mau Mau, saa tano majina ya miti, halafu karatasi ya maswali. Hiyo ni ziara, na ziara ina siku yake. Ila kama mmeletwa kwenye kazi hii ili watoto wajifunze kuishi na hasira, woga na huzuni zao, ratiba hiyo iwekeni kando. Msitu ule una zaidi ya hekta 1,000. Ninyi mnahitaji kipande kidogo tu, na mkirudie kila wiki, siku ileile, na watoto walewale.

Masomo ya namna hii yalikomaa Denmark, ambako wapo watoto wa chekechea wanaoshinda msituni mvua inyeshe isinyeshe. Mwaka 1993 walimu wa chuo cha Bridgwater, Uingereza, walikwenda kuyaona, wakarudi nayo kwao. Moyo wake ni huko kurudiarudia. Anayeiga mengine yote akaacha hilo, amebaki na pikiniki.

Siku za mwanzo mtakuta kelele, kung'ang'ania mkono wa mwalimu, na "tunarudi saa ngapi?" kila baada ya dakika mbili. Msivunjike moyo. Mtoto hawezi kutulia mahali asipopajua. Akishajua njia inapopinda, gogo lilipolalia na mti upi unapandika, utamsikia akisema "mti wangu". Hapo sasa mnaweza kusema mmeanza.

Kazi yako kubwa itakuwa kunyamaza, na kwa mwalimu hilo ni gumu kuliko kushika darasa la watoto hamsini. Chukua mfano wa jongoo. Mtoto anamgusa, jongoo anajikunja. Mwenzake anatafuta kijiti amchokoe. Sema neno moja tu: mkingoja, atajikunjua. Basi wanachuchumaa wote, viganja magotini. Yule ambaye darasani hawezi kukaa kitini ndiye anayewakemea wenzake kwa kunong'ona: "Wee, usisogee, anatoa kichwa!" Vipapasio vinatokea kwanza, vinagusagusa udongo, kisha miguu inaanza safari. Usiingize somo la sayansi hapo. Miguu wataihesabu wenyewe. Mtoto huyo ameuzuia mkono wake kwa hiari, bila wewe kumwambia "tulia".

Kosa jingine tunalolipenda ni kumkalisha mtoto uso kwa uso na kumwuliza anajisikiaje. Atajibu "poa" na mazungumzo yameishia hapo. Mambo mazito hutoka mikono ikiwa na kazi: anachimba, anajenga kibanda cha vijiti, anaziba kijito kwa matope. Kaa ubavuni, nawe shika kazi. "Baba alihama," atasema huku akitafuta kijiti kirefu. Mjibu, "Alihama," kisha mshikie nguzo. Akitaka kuendelea ataendelea.

Hapo kuna mpaka ambao sharti muujue kabla hamjatoka shuleni. Msitu humsaidia mtoto kupumua. Hauchukui nafasi ya mshauri nasaha wala daktari. Mtoto akikuambia anapigwa au anashikwa vibaya, usimwahidi siri. Msikilize, usimhoji kama polisi, na siku hiyohiyo mpelekee habari anayehusika na ulinzi wa watoto shuleni. Kenya na Tanzania, namba 116 ndiyo simu ya msaada kwa watoto, na haitozwi.

Usalama si wa kuandika kwenye fomu tu. Pita mahali penu wewe mwenyewe asubuhi kabla watoto hawajafika: siafu hupenda kutembea baada ya mvua, na thabai, mmea ule unaowasha, ikimchoma mtoto asiyeijua, siku yake imekwisha. Msiweke kambi chini ya mikalitusi, kwa sababu matawi yake huanguka bila taarifa, upepo ukivuma ndiyo usiseme. Chakula kibaki mfukoni hadi saa ya kula. Kima wa Karura hawana aibu. Mpaka uwekwe kwa vitu vinavyoonekana, kwa mfano vitambaa vyekundu mitini, na wito wa kurudi ujaribiwe kila mara mnapofika. Mambo ya moto na kukata matawi mwulizeni mhifadhi kwanza.

Wakubwa kidogo, wa gredi ya nne kwenda juu, wanaweza kusimuliwa kwamba Januari 1999 Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, na wenzake walipigwa pale Karura wakipinga msitu kugawiwa wajenzi. Watoto wenye hasira hupenda sana kujua hasira yake aliipeleka wapi.

Wazazi nao wana neno lao: "Nalipa karo mtoto akachezee matope?" Usibishane kwenye simu. Mwalike aje, mpe gambuti, na umwombe asimsaidie mwanawe kitu asichoombwa. Wengi hushindwa ombi hilo kabla hata ya saa ya uji. Kwa nguo, agizeni kuukuu, na Julai Nairobi ina baridi, kwa hiyo sweta mbili na soksi za akiba. Mtoto anayetetemeka hajifunzi chochote. Huyo mrudisheni kwenye basi mapema.