Honi iliyonyamaza usiku kucha: kwa vijana wanaoanza kazi ya kontroli

Wiki iliyopita nilisimama nyuma ya vijana wawili waliokuwa wanajaribu paneli mpya ya alamu. Mmoja yuko chini na redio ya mkononi anagusanisha waya, mwenzake yuko mbele ya skrini na orodha yake. "Namba saba!" Honi inalia, taa inapepesa, anabonyeza, kimya, tiki. "Toa. Leta namba nane!" Wakamaliza alamu 40 kabla ya chai ya saa nne, zote zina tiki, wakanigeukia na nyuso za watu wanaosubiri kupongezwa.

Nikawaambia walete tena namba saba, wainyamazishe, waiache hapohapo, kisha walete namba nane. Taa ya nane ikapepesa vizuri kabisa. Honi haikusema kitu.

Nikawaruhusu wakanywe chai kwanza. Mimi nilibaki naitazama ile taa. Tunajuana, mimi na yeye, tangu zamani.

Sasa wadogo zangu, naandika haya kwa sababu nimechoka kuyasema kwa mdomo kila msimu mnapokuja kundi jipya. PLC, ile kompyuta ya kuendesha mashine, mnaijua, ladda, mchoro wa programu yake, mnachora kuliko mimi, siwafundishi hayo.

1. Kunyamazisha na kukiri ni kazi mbili. Honi humwita mtu, taa humwonyesha pa kwenda. Opereta akibonyeza kitufe cha kunyamazisha maana yake amesema "nimesikia, nyamaza nifikirie". Akibonyeza ACK, kitufe cha kukiri, amesema "nimeiona ni ipi". Ninyi mnaziunganisha kwenye kitufe kimoja kwa sababu paneli imebaki na tundu moja, halafu mtu akiwa upande wa pili wa chumba anapiga kitufe kwa kiwiko ili amalizie kuongea na simu, na taa zote zinatulia. Akigeuka anakuta taa sita zimetulia nyekundu. Ipi imekuja sasa hivi? Ipi ilikuwepo tangu zamu ya jana? Hata Mungu itabidi asome rekodi ya matukio. Kwa hiyo vitufe viwili: cha kunyamazisha kiwe popote pale, hata vitatu, cha kukiri kiwe mahali ambapo mtu hawezi kukifikia bila kuziona taa.

2. Alamu mpya lazima iamshe honi upya, hata kama za zamani bado zimesimama. Hili ndilo la namba nane, na hapa mnivumilie kidogo.

Nilikuwa na miaka miwili kazini, kwenye kiwanda cha sukari, boila inayochoma bagasi, yaani makapi ya miwa. Kulikuwa na anansieta, yaani sanduku la taa za alamu, ya zamani ya rilei (swichi za sumaku ya umeme), madirisha 24, kila dirisha na kadi yake, vumbi la bagasi limejaa mpaka kwenye soketi. Vipuri vilikuwa ghali na havipatikani. Mimi kijana wa PLC nikasema hii kazi naifanya kwa kabati moja dogo, taa za LED na honi mpya. Wakubwa walifurahi kwa sababu ya bei. Nililing'oa lile sanduku kwa mikono yangu, likaenda kwenye chuma chakavu.

Programu yangu ilikuwa fupi, na nilijivunia ufupi wake. Nilizikusanya alamu zote 24 kwenye biti moja ya jumla: ikiwepo yoyote, biti inawaka. Biti ikiwaka, honi inalia. Ukinyamazisha, lachi, yaani biti inayobaki imeshika hata ukiachia kitufe, inakamata na kuizuia honi. Lachi inaachia pale biti ya jumla inapozima. Mistari minne. Nikajaribu alamu moja moja, kama walivyofanya vijana wangu: leta, inalia, nyamazisha, toa. Zilipita zote 24, nikasaini.

Mnaona tatizo? Mimi sikuliona kwa miezi mitano. Lachi inasubiri biti ya jumla izime, na biti ya jumla haizimi mpaka alamu zote ziondoke. Ikibaki moja tu imesimama, honi imefungwa mdomo kwa zote 23 zilizobaki.

Na kipo kiwanda gani kisichokuwa na alamu sugu? Yetu ilikuwa limiti swichi ya mlango wa konveya ya bagasi. Mlango umefungwa, swichi inasema uko wazi, kwa sababu mkono wake umepinda. Tiketi ya matengenezo ilikuwa imeandikwa, imeandikwa tena, na kuandikwa mara ya tatu kwa herufi kubwa. Kila zamu ikiingia, opereta ananyamazisha mara moja anakaa. Wakawa wananisifu: "Fundi, paneli yako mpya haina kelele kama ile ya zamani." Nami nikawa naitikia asante. Asante!

Usiku mmoja, saa tisa na dakika chache, pampu ya kulisha maji ikatripu, yaani ikajikata yenyewe, kwa ovalodi. Ya akiba ilikuwa imefunguliwa karakana. Taa ya pampu ikapepesa. Baada ya muda mfupi taa ya maji kupungua kwenye dramu, tangi la maji na mvuke la boila, ikapepesa pia. Honi kimya. Opereta alikuwa amegeukia upande wa milisho ya bagasi, ambako kulikuwa kumeziba, anaongea na watu wa chini kwa redio. Boila ikiwa na mzigo kamili, maji yaliyomo kwenye dramu ni ya dakika chache tu. Hakuwa mlevi, hakuwa amelala. Alikuwa anafanya kazi, na alikuwa anaiamini honi yangu.

Kilichotushtua ni tripu yenyewe ya maji kupungua mno, nayo asanteni wazee walioiacha kwenye rilei zake bila kuniruhusu niiguse. Ilikata milisho na feni ya kupuliza. Lakini moto wa bagasi iliyokwisha kutandazwa kwenye wavu hauzimiki kama mshumaa. Uliendelea kuchemsha maji yaliyobaki, na kwenye glasi ya kupimia hakukuwa na kitu. Msaidizi mmoja, kijana kama mimi, akakimbilia vali ya maji aifungue. Mzee wa boila, ambaye zamu yake haikuwa hata ile, alikuwa amebaki tu kwa sababu basi la wafanyakazi lilichelewa, akamshika mkono: "Usiongeze maji, mwanangu! Maji baridi kwenye chuma kilichoungua ndiyo yanayoua watu." Wakaiacha ipoe yenyewe.

Hakuna aliyeumia. Mirija kadhaa ilipinda, ukaguzi na ukarabati vikatula siku sita. Huko nje malori ya miwa yamepanga foleni mpaka barabarani, na muwa uliokwisha kuchomwa shambani na kukatwa haukusubiri. Kila siku inayopita sukari inapungua. Wengi wa wenye malori yale walikuwa wakulima wa nje, watu wa ekari tatu nne, wanaolipwa kwa utamu uliobaki. Nilipita pale getini kila asubuhi. Mmoja alinisalimia kwa heshima, "Shikamoo injinia," mtu mwenye umri wa baba yangu, akitegemea nitamjibu lini boila inawaka. Sikuweza hata kuitikia vizuri.

Kwenye kikao nilisubiri mtu aulize kwa nini honi haikulia. Opereta akasema, "Labda sikuisikia." Alikuwa anajilaumu. Hapo ningeweza kunyamaza, na nakiri kwamba nilinyamaza. Kama dakika kumi hivi. Kisha nikaomba tuchapishe ladda, nikaweka kidole kwenye mstari wa nne mbele ya kila mtu. Sijawahi kuona mistari minne mirefu namna ile.

Dawa yake ni ndogo mpaka inatia hasira: weka wanshoti, yaani mpigo mmoja mfupi, kwa kila alamu. Inapopanda kutoka sifuri kwenda moja, ile wanshoti inaifuta lachi ya kunyamazisha na honi inaanza upya. Basi. Lile sanduku la rilei nililolipeleka kwenye chuma chakavu lilikuwa linafanya hivyo bila kuombwa, kila kadi kwa dirisha lake, na mpangilio huo umeandikwa kwenye kiwango cha anansieta cha ISA-18.1 tangu 1979. Sikuwa nimekisoma. Nilidhani anansieta ni taa tu na kengele.

3. Sauti moja isiwe na maana mbili. Agosti 14, 2005 ndege ya Helios, Boeing 737, iliondoka Larnaca kuelekea Athens huku mfumo wa kujaza hewa ukiwa umeachwa kwenye mkono badala ya otomatiki. Honi ya kuonya kwamba hewa ya ndani imepungua ikalia. Bahati mbaya honi hiyohiyo ndiyo inayolia chini kama ndege haijapangwa vizuri kwa kuruka, na marubani wakaichukulia ni hiyo. Wakaendelea kupanda, wakakosa oksijeni, watu 121 wakafa. Kwetu gawa sauti kwa uzito wa alamu, siyo kwa mashine: ya haraka, ya kawaida, ya taarifa, zinatosha. Mtu aliyeniletea honi ya milio 32 akataka tuitumie yote nilimwambia akafungue studio.

Na ilie juu ya kelele za pale ilipo. ISO 7731 inataka ishara ya hatari isipungue desibeli 65 na izidi kelele za mahali kwa 15 hivi. Nenda na kipimo mashine zikiwa zinafanya kazi, siyo Jumapili.

4. Taa ionyeshe kilichotokea, siyo ulichoamuru. Pale Three Mile Island, kituo cha umeme wa nyuklia Marekani, Machi 28, 1979, taa ya vali ya kupunguzia shinikizo ilizima, waendeshaji wakaamini vali imefunga. Taa ile ilikuwa inasoma umeme wa koili inayoiamuru vali. Vali yenyewe ilikuwa imekwama wazi inamwaga maji. Vuta waya kutoka kwenye swichi ya nafasi. Najua ni mita 80 za kebo. Vuta.

5. Rangi peke yake haitoshi. Yule mzee wa boila, tulipozoeana, aliniambia siku moja, "Mwanangu, nyekundu yako na kijani yako kwangu ni mapacha." Miaka ishirini na zaidi alikuwa anasoma paneli kwa mahali taa ilipo na kwa kupepesa kwake, ndiyo maana aligoma kabisa nilipotaka kupanga upya madirisha kwa alfabeti. Tangu siku hiyo naweka umbo, mahali na maandishi, rangi inakuja mwisho. Nyekundu usiipambie nembo wala pampu inayokimbia salama.

6. Ukikuta tambara limesokomezwa kwenye honi, usianze kugombeza. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na chura umemfuga wewe. Hesabu kwanza. Mwongozo wa mifumo ya alamu, EEMUA 191, unasema opereta mmoja anamudu vizuri kama alamu moja kila dakika kumi hali ikiwa shwari. Zikifika moja kila dakika, hakuna anayesoma tena. Pale Milford Haven, Wales, kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta, Julai 24, 1994, waendeshaji wawili walipewa alamu 275 katika dakika 11 za mwisho kabla ya mlipuko. Sasa hapo honi na taa zililingana sana, na hazikumsaidia mtu.

Kinyume chake ni Deepwater Horizon, mtambo wa kuchimba mafuta baharini uliolipuka. Fundi mkuu wa elektroniki, Mike Williams, aliueleza uchunguzi mwaka 2010 kwamba alamu kuu ya mtambo ilikuwa imewekwa katika hali ya kuzuiwa: sensa zinasoma, paneli inaonyesha, lakini king'ora hakilii chenyewe. Sababu aliyoambiwa ni kwamba hawakutaka watu waamshwe saa tisa usiku kwa alamu za uongo. Nilipoisoma ile saa tisa nilifunga kompyuta, nikatoka nje kidogo.

7. Jaribu taa na honi kila zamu inapopokelewa, na mara moja kwa mwezi jaribu umeme mkubwa ukiwa umekatwa.

Nirudi kwa vijana wangu. Walipotoka chai wakaweka wanshoti, kisha mmoja, mwenye hesabu zake, akanijia na simu: "Mzee, alamu 40 mbili mbili ni jozi 780. Tujaribu zote?" Nikamwambia hapana, simamisha moja, pitisha 39 zilizobaki juu yake, kisha mbadilishe hiyo ya kwanza nayo ipitishwe juu ya nyingine. Alikunja uso kidogo, akaenda.

Wakamaliza saa tisa alasiri. Namba 31 haikulia. Iliongezwa mwishoni, mtu akasahau kuipa wanshoti yake.