Maswali ya Wasomaji: Jenerali Gordon, Afisa wa Kuazimwa

Katika toleo lililopita tulitaja kwa mistari michache tu kuanguka kwa mji wa Khartoum mwaka 1885 na kifo cha Jenerali Charles George Gordon, na hiyo mistari michache imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua maswali matano yanayomhusu afisa huyo na kuyajibu kwa kadiri nafasi ilivyoruhusu.

Swali: Mheshimiwa Mhariri, salaam. Kila ninaposoma habari za Gordon naambiwa kuwa alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza, lakini namkuta akiongoza majeshi ya watu wengine, mara ya China, mara ya Misri. Je, alikuwa mwanajeshi halisi wa nchi yake au alikuwa mamluki?

Jibu: Ndugu msomaji, hakuwa mamluki, ingawa tunaelewa kilichokutia shaka. Gordon alizaliwa Woolwich, karibu na London, tarehe 28 Januari 1833, baba yake akiwa afisa wa mizinga, na mwaka 1852 yeye mwenyewe aliingia katika Kikosi cha Wahandisi cha Kifalme. Hao ni maafisa ambao kazi yao ni kujenga ngome, kuchimba mahandaki na kupima ardhi, na hata alipopata sifa za ushujaa Gordon aliendelea kuutazama uwanja wa vita kwa jicho la mpimaji. Alipigana katika vita vya Crimea mbele ya mji wa Sevastopol mwaka 1855, kisha akatumwa kusaidia kupima mipaka mipya kati ya Urusi na dola ya Uturuki. Katika miaka hiyo yote alilitumikia jeshi lake mwenyewe, kama afisa yeyote kijana wa wakati ule.

Mambo yalibadilika China. Alifika huko mwaka 1860, wakati majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipoingia Beijing na kulichoma moto Kasri la Kiangazi la mfalme, uharibifu alioueleza kwa masikitiko katika barua aliyoiandika nyumbani, ijapokuwa alikuwa miongoni mwa waliotumwa kuufanya. Wakati huo China ilikuwa imeungua kwa uasi wa Taiping tangu mwaka 1850, ukiongozwa na Hong Xiuquan, mtu aliyejitangaza kuwa ni mdogo wake Yesu. Wafanyabiashara wa Shanghai waligharimia kikosi kidogo cha Wachina chini ya maafisa wa kigeni, kikaitwa Jeshi Lisiloshindwa, na kamanda wake wa kwanza, Mmarekani Frederick Townsend Ward, aliuawa mwaka 1862. Kwa idhini ya serikali ya Uingereza, Gordon alikabidhiwa kikosi hicho mwezi Machi 1863, akiwa na umri wa miaka 30. Kwa hiyo neno linalomfaa ni afisa wa kuazimwa: jina lake lilibaki katika orodha ya kikosi chake cha wahandisi, huku amri na mshahara vikitoka kwa serikali nyingine.

Aliongoza watu wapatao 3,000 hadi 4,000 katika nchi iliyokatwakatwa na mifereji, akitumia meli za moshi zenye mizinga kuufika mji mmoja baada ya mwingine kutoka upande usiotarajiwa, naye mwenyewe akitangulia mbele na kifimbo mkononi bila silaha nyingine. Lakini magazeti ya kwao yalimpa sifa iliyopita kiasi, kwa sababu Nanjing, mji mkuu wa waasi, uliangushwa mwezi Julai 1864 na majeshi ya China yenyewe, baada ya kikosi cha Gordon kuwa kimekwisha kuvunjwa.

Tukio linaloonyesha zaidi tabia yake lilitokea Suzhou, Desemba 1863. Viongozi wa waasi walisalimu amri kwa ahadi ya kuachiwa roho zao, nao wakakatwa vichwa kwa amri ya gavana Li Hongzhang. Gordon alighadhibika, akasimamisha vita kwa muda, na mfalme alipompelekea zawadi ya fedha, taeli 10,000, aliikataa. Hata hivyo, baada ya miezi michache alirudi kupigana upande wa Li huyo huyo. Kughadhibika, kukataa fedha, kisha kurudi kazini ni mwenendo tutakaouona tena.

Swali: Babu yangu alikuwa akisimulia kwamba zamani Wamisri waliwahi kuja kuiteka pwani yetu kwa shauri la Mwingereza aitwaye Gordon. Je, ni kweli au ni hadithi tu?

Jibu: Babu yako alisema kweli, na ni jambo ambalo wengi waliomwandika Gordon hulipitia kwa sentensi moja, pengine kwa kuwa linaichafua kidogo picha ya mtakatifu.

Mwaka 1874 Khedive Ismail, mtawala wa Misri, alimwajiri Gordon kuwa gavana wa Ikweta, yaani nchi za Nile ya juu ambazo leo zimo Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Alimpa mshahara wa pauni 10,000 kwa mwaka, naye akakubali kuchukua 2,000 tu. Kazi yake ilikuwa kujenga vituo kandokando ya mto, kuzuia biashara ya watumwa na kupeleka bendera ya Misri hadi kwenye maziwa makuu, ambako Kabaka Mutesa wa Buganda alikuwa mtawala mwenye nguvu. Tatizo lilikuwa njia. Kutoka Khartoum kwenda kusini, mto uliziba kwa magugu, askari walikufa kwa homa, na mbele ya Dufile maporomoko yaliilazimisha kila meli kufunguliwa vipande vipande na kubebwa na watu nchi kavu.

Mhandisi huyu alipoitazama ramani aliona kwamba Buganda iko karibu zaidi na Bahari ya Hindi kuliko ilivyo na Cairo. Mapema mwaka 1875 alimwandikia Khedive akimshauri apeleke kikosi kidogo kwa meli kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kaskazini ya Unguja, ili wafungue njia kutoka huko hadi kwa Mutesa. Hakuonekana kusumbuliwa sana na ukweli kwamba pwani hiyo ilikuwa na mwenyewe, Seyyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja.

Khedive alilipenda shauri hilo kuliko hata mshauri. Alituma manowari chini ya McKillop Pasha, afisa wa zamani wa jeshi la majini la Uingereza, na pamoja naye Charles Chaillé-Long, Mmarekani ambaye Gordon alikuwa amewahi kumtuma kwa Mutesa. Mwishoni mwa mwaka 1875 waliiteka Barawa, kisha Kismayu, wakashusha bendera ya Sultani na kuwaondoa askari wake. Kisha wakakaa kumngojea Gordon ashuke kutoka bara, naye hakutokea, kwa maana wakati huo huo alikuwa bado anahangaika na maporomoko ya Nile, na kati yake na Kismayu palikuwa na nchi kubwa ambayo hakuna mtu wake hata mmoja aliyewahi kuivuka. Barghash, ambaye miezi michache kabla alikuwa amepokewa kwa heshima London, alilalamika kupitia balozi wa Uingereza, John Kirk. Uingereza ikambana Khedive, na mapema mwaka 1876 Wamisri wakaondoka.

Kwa hiyo afisa mmoja Mwingereza alishauri pwani ivamiwe, afisa mwingine Mwingereza akaivamia, na serikali ya Uingereza ikawatoa. Msomaji anayetaka kuelewa maana ya afisa wa kuazimwa hatapata mfano ulio wazi kuliko huo: mkono ulikuwa wa Uingereza, lakini kichwa kilichouagiza kilikuwa Cairo, na London ilipotaka mkono wake urudi ilibidi kwanza ipite kwa Khedive.

Swali: Gordon husifiwa kuwa adui mkubwa wa biashara ya watumwa. Mwalimu wetu alituambia kwamba mwaka 1884 yeye mwenyewe aliwaruhusu watu wa Khartoum kubaki na watumwa wao. Nani yu sahihi?

Jibu: Wote wawili. Kuanzia mwaka 1877 hadi 1879, akiwa Gavana Mkuu wa Sudan yote, Gordon alizunguka nchi juu ya ngamia kwa kasi iliyowatisha hata maafisa wake, na mwaka 1877 aliingia karibu peke yake katika kambi ya Suleiman, mwana wa tajiri wa watumwa Zubayr Pasha, akamwamuru yeye na maelfu ya watu wake watawanyike. Suleiman alipoasi baadaye, Mwitaliano Romolo Gessi, aliyekuwa chini ya Gordon, alimfuatia na kumuua mwaka 1879. Ukweli mwingine ni kwamba askari wengi wa Gordon walikuwa watumwa walionunuliwa au kutwaliwa kwa wafanyabiashara, na alilijua hilo.

Mkataba wa mwaka 1877 kati ya Uingereza na Misri ulikuwa umepanga kwamba uuzaji wa watumwa ndani ya Sudan ukomeshwe mwaka 1889. Aliporudi mwaka 1884, Gordon alitangaza kwamba mkataba huo hautatekelezwa, akitumaini kuwavuta wenye mali wasijiunge na Mahdi, kiongozi wa uasi wa kidini huko Sudan. Tena aliomba aletewe Zubayr, baba wa yule Suleiman aliyeuawa na watu wa Gordon, awe mtawala baada yake. Walipokutana Cairo Zubayr alikataa kumpa mkono. Wapinga utumwa wa Uingereza walipiga kelele, na serikali ikalikataa ombi hilo. Kwa maoni yetu hesabu ya Gordon haikuwa ya kipumbavu, kwa kuwa Zubayr ndiye aliyekuwa na jina la kushindana na Mahdi. Ila mtu aliyekwisha kujengewa sifa ya mkombozi hangeweza kuomba jambo hilo bila kuwastaajabisha waliomsifu.

Swali: Je, Gordon alioa?

Jibu: Hapana. Barua zake nyingi alimwandikia dada yake, Augusta.

Swali: Naomba mnieleze alitumwa kufanya nini Khartoum, na kama ni kweli kwamba aliuawa kwa sababu serikali yake ilimtelekeza. Tena, amezikwa wapi?

Jibu: Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa Mahdi mwezi Juni 1881, na mwezi Novemba 1883 wafuasi wake waliliangamiza huko Shaykan jeshi la Misri la watu wapatao 10,000 lililoongozwa na Hicks Pasha. Serikali ya Gladstone, waziri mkuu wa Uingereza, isiyotaka vita vya Sudan, iliamua kwamba Misri iondoke huko. Gordon aliondoka London tarehe 18 Januari 1884 kwa maagizo ya kuchunguza na kutoa taarifa. Alipopita Cairo akafanywa tena Gavana Mkuu, mwenye kazi ya kuwaondoa askari na raia. Hapo pana tofauti kubwa, na kila upande baadaye ulishika karatasi uliyoipenda.

Alifika Khartoum tarehe 18 Februari. Aliwapeleka kaskazini zaidi ya watu 2,000, wengi wao wanawake, watoto na wagonjwa, kabla ya mji kuzingirwa katikati ya Machi. Alimpelekea Mahdi joho jekundu la heshima na cheo cha Sultani wa Kordofan. Mahdi alimrudishia joho lake pamoja na kanzu yenye viraka ya wafuasi wake, akimwalika asilimu. Baada ya hapo zilibaki silaha. Gordon alichimba mahandaki, akatega mabomu ya ardhini, akazivalisha meli za moshi mabati ya kuzuia risasi, na fedha zilipokwisha akatoa noti za karatasi zenye sahihi yake.

Je, alitelekezwa? Gladstone alichelewa kwa miezi mingi kuidhinisha jeshi la uokozi chini ya Jenerali Wolseley, na lawama hiyo ni haki. Lakini Gordon naye hakuwa mtu aliyezuiwa tu kuondoka. Mwezi Septemba alimpeleka msaidizi wake, Kanali Stewart, ashuke kwa meli (Stewart aliuawa njiani), naye akabaki, akisema hawezi kuwaacha watu wa mji. Katika shajara yake ya siku hizo anakiri kwamba amekuwa mkaidi sana kwa serikali ya Malkia, na kwamba yeye angekuwa mkubwa asingejiajiri kamwe, kwa sababu harekebishiki. Hakuna mpinzani wake aliyewahi kumshtaki kwa maneno makali kuliko hayo.

Jeshi la uokozi lilishinda vita huko Abu Klea tarehe 17 Januari 1885. Lakini maji ya Nile Nyeupe yalikuwa yameshuka na kuacha ukingo wa matope pale ngome ilipoishia, na alfajiri ya tarehe 26 Januari Maansari, yaani wafuasi wa Mahdi, waliingia kupitia hapo. Gordon aliuawa katika kasri lake. Wapo waliosema alisimama juu ya ngazi bila kujitetea, na wapo waliosema alipigana kwa bastola hadi mwisho. Picha iliyochorwa baadaye na George William Joy iliwafanya Waingereza waipende simulizi ya kwanza. Kichwa chake kilipelekwa kambini kwa Mahdi, ambako Rudolf Slatin, afisa wa Austria aliyekuwa mfungwa, alionyeshwa. Meli za kwanza za uokozi ziliuona mji tarehe 28 Januari, zikapigwa mizinga, zikarudi.

Kaburi hana. Katika Kanisa la Mtakatifu Paulo, London, iko sanamu yake amelala, na chini yake hamna mwili. Mahdi mwenyewe alifariki Juni 1885 na kuzikwa Omdurman. Mwaka 1898 Kitchener, afisa mwingine wa Kikosi cha Wahandisi aliyekuwa ameazimwa kwa jeshi la Misri, aliuteka mji huo, akalibomoa kaburi la Mahdi na kuamuru mifupa yake itupwe katika Nile.